Ndogo Izimwe, Kubwa Iwake

Jumapili, 12 Oktoba 1997

Kailemia amefika kutoka Nairobi na kitu nilichodhani ni televisheni. Alikishusha kwenye buti ya gari la rafiki yake, kimefungwa kwa blanketi langu mwenyewe lililopotea mwaka juzi. Kumbe ni monita, ile skrini ya kompyuta za ofisini. Kazini kwao wamenunua mpya, na hizi kuukuu wafanyakazi wameambiwa wajichukulie. Sasa imekalia meza yangu ya chakula, nasi tutakuwa tukila na sahani magotini kama watu wa matangani.

Yote haya ni kwa ajili ya babake. Muthamia alikuwa mkalimani wa korti huko Meru mjini mpaka alipostaafu, na tangu hapo anaandika kitabu. Anachukua maneno ya kortini, moja moja kwa mpangilio wa herufi, na kuyaeleza kwa Kimeru cha nyumbani, ili mkulima wa hapa Nkubu akisimamishwa kizimbani ajue anaulizwa nini. Mwezi wa nane Kailemia alimletea laptopu, pia ya kuokota ofisini, ili aachane na taipureta. Lakini skrini yake ni ndogo na imefifia, na macho ya mzee si yale ya zamani. Amekuwa akiiinamia mpaka pua inaacha alama kwenye kioo.

Kailemia ameunga waya nyuma ya laptopu, akaniita. Kuna kitufe chenye maandishi ya buluu pembeni na kingine juu. Ukivibonyeza pamoja, skrini ndogo inazimika na kila kitu kinahamia kwenye ile kubwa. "Mama, hii ni kazi yako kila asubuhi," akasema. "Ikiwashwa upya inasahau. Baba hawezi kuona hiyo buluu. Na betri imekufa kabisa, kwa hivyo waya wa stima usiguswe."

Nimefundisha darasa la tatu Kiswahili maisha yangu yote. Sasa nimepewa kazi ya kuzima na kuwasha. Lakini Muthamia alipoona herufi kubwa zimesimama kwenye kioo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akasoma kwa sauti neno alilokuwa ameliacha: "Dhamana." Nilifurahi, siwezi kukataa.

14 Oktoba

Mvua imeanza. Nimezima ndogo, kubwa ikawaka. Maharagwe yanatakiwa kupaliliwa.

17 Oktoba

Tumegombana kidogo. Nilipendekeza tuache zote mbili zikiwaka, kwani Kailemia alisema inawezekana. Yeye aangalie kubwa, nami nikipita nitupie jicho ile ndogo. Nimeolewa na mtu huyu na kitabu chake, na sijawahi kusoma hata ukurasa mmoja.

"Hapana," akasema. "Mianga miwili inanipiga macho. Korti husikiliza shahidi mmoja kwa wakati."

"Hii ni nyumba yangu, si korti."

"Ndiyo maana husikilizi."

Hapo akacheka peke yake. Mtu wa kujichekesha ni mgumu kumkasirikia, lakini nilijaribu mpaka chai ya saa kumi.

Ukweli ni kwamba hapendi kusomwa mgongoni. Hata barua zake za uchumba alizifunga kwa gundi pande zote, nikawa nazipasua nikizifungua.

25 Oktoba

Wambeti amewasili kutoka Ishiara kwa msimu wa kahawa. Kila mwaka huja, huchuma nasi, hulala kile chumba cha nyuma, na hurudi kwake kabla ya Krismasi. Ni mama wa watu, mchapakazi, mcheshi, na mbuzi wake anawajua kwa majina. Kimbeere chake na Kimeru changu vinapishana njiani, kwa hivyo tunaongea Kiswahili. Chake hakina ngeli hata moja.

"Mwalimu, hii mashini iko na macho mbili?" akauliza.

"Ina macho mawili," nikamsahihisha.

"Eh. Iko na macho mawili. Na hii ingine mbona imelala?"

Nikamweleza kwamba ndogo tumeizima ili kubwa iwake, na kwamba mashine yenyewe haijalala. Akaitazama laptopu ile nyeusi, akamtazama Muthamia akiipigapiga vidole.

"Mzee anachapa mtu amelala," akasema. Muthamia alicheka mpaka akakohoa.

29 Oktoba

Kahawa inaiva yote kwa pamoja. Mikono yangu imekuwa myeusi. Yuko herufi J.

3 Novemba

Tumetoka kwa daktari wa macho. Nilijua kuna neno kwa sababu alimwangalia Muthamia kwa taa yake, akaniangalia mimi bila taa, kisha akamrudia.

Ni presha ya macho. Si mtoto wa jicho, ambaye hukatwa mtu akaona tena. Hii, kinachokwenda hakirudi. Amempa dawa ya kudondosha asubuhi na jioni ili kilichobaki kisiende haraka. Muthamia akauliza kwa Kiingereza chake cha kortini kama kilichobaki ni cha miaka au cha miezi. Daktari akasema kila mtu na lake. "Hilo si jibu," Muthamia akamwambia kwa upole, "lakini nimelipokea."

Nyumbani nikamwambia, Baba Kailemia, wewe sema, mimi nitaandika. Mkono wangu ni mzuri na Kimeru nakijua kama wewe.

Nilidhani angeshukuru. Alinigeukia kwa ukali ambao sijauona tangu watoto wakiwa wadogo. "Nimekuwa mdomo wa watu maisha yangu yote," akasema. "Wa wezi, wa mahakimu, wa mashahidi waongo. Mtu anasema, mimi nasema. Hakuna siku hata moja nilisema langu. Hiki kitabu nitakiandika kwa mikono yangu. Mkalimani simtaki."

Nimeumia. Nimeandika hapa kwa sababu yeye hasomi Kiswahili changu. Anasema nina kalamu ya kusahihisha.

4 Novemba

Mvua mchana kutwa. Dawa ya macho tumedondosha, nusu imeingia shavuni.

11 Novemba

Leo nimefanya jambo ambalo watoto niliowafundisha wakilisikia watanicheka mpaka kaburini.

Muthamia alikuwa ameandika tangu asubuhi, herufi K yote iliyobaki: kesi, kiapo, kifungo. Saa nane macho yakamchoka. Akaizima ile kubwa kwa kitufe chake, akaenda kulala kidogo. Hakuzima laptopu, kwa kuwa alitaka kurudi. Tena hakuwa amehifadhi kazi yake kwenye diski, kwani huhifadhi mara moja tu, akimaliza. Basi sebuleni kukawa na skrini mbili nyeusi, na ndani yake kazi ya siku nzima.

Mimi nilikuwa jikoni, ng'ambo ya ua. Mvua ikashuka kwa nguvu na radi ikaanza kupasua upande wa mlima. Wambeti alikuwa amekimbilia sebuleni na kikapu cha kahawa. Kwao radi ilimwulia mbuzi, kwa hivyo mtu huyu anaiogopa kuliko anavyomwogopa Shetani. Akaiona mashine imeunganishwa na ukuta. Akasimama mlangoni akaniita:

"Mwalimu! Hii laptopu ni mzima?"

Alitaka kujua kama inawaka, na kama radi ingeweza kuifuata. Lilikuwa swali la akili. Nami, badala ya kumjibu mtu, nikamjibu darasa la tatu. Mzima ni mtu! Mnyama! Laptopu ni nzima! Nikapaza sauti juu ya mvua ya mabati:

"Nzima! Nzima!"

Yeye akasikia "Zima! Zima!"

Akaizima. Aliushika waya kwa kanga yake ili stima isimpige, akauchomoa ukutani, na kwa kuwa ni mtu makini akauchomoa na ule wa pili. Kisha akaja jikoni analowa, anatabasamu, kuniambia kwamba kazi imefanywa.

Nilikimbia na mwiko mkononi. Muthamia alikuwa ameamka, amekaa mbele ya meza, anabonyeza. Tuliporudisha waya mashine ikawaka na kupiga mlio wake, nikabonyeza vile vitufe viwili, na kubwa ikaja. Herufi K iliishia pale ilipoishia jana.

Aliweka mikono mapajani akakaa hivyo. Wambeti akaanza kulia, nami nikamwambia anyamaze, kosa si lake, na nilimwambia kwa sauti mbaya kwa sababu nilikuwa najisikia vibaya. Siku ya kuona ni mali sasa katika nyumba hii. Nami nimeimwaga moja kwa ajili ya ngeli.

12 Novemba

Asubuhi nimemweleza yote, nzima na zima, hatua kwa hatua. Alisikiliza uso umekauka.

"Shahidi alisikia nini?" akauliza.

"Zima."

"Na mshtakiwa alisema nini?"

"Nzima."

"Basi shahidi aachiliwe. Mshtakiwa tutamfunga." Halafu mabega yakaanza kumtikisika, na nikaona anacheka. Wambeti aliyekuwa amejificha nyuma ya mlango akacheka pia, kisha mimi. Ameanza herufi K upya. Nimemwekea kipande cha karatasi juu ya meza kilichoandikwa kwa kalamu nene: HIFADHI.

20 Novemba

Daraja limekwenda na maji. Redio inaiita mvua hii Elinino, na Wambeti anasema huyo Elinino lazima ana mke mkali, ndiyo maana harudi kwake. Hatuna stima tangu jana. Muthamia anatembea nyumbani anagusa vitu.

23 Novemba

Stima imerudi wakati wa ibada. Mzee aliisikia friji ya jirani wa kanisa ikinguruma, akatoka kanisani kabla ya sadaka. Mchungaji alimwona.

28 Novemba

Kailemia alinifundisha jinsi ya kukuza herufi. Mwezi uliopita mstari mzima ulitosha kwenye ile skrini kubwa. Wiki iliyopita maneno manne. Leo neno "mashtaka" limejaza kioo kutoka ukuta hadi ukuta, na bado aliniuliza, "Hapo mwisho ni k au h?"

Nikamwambia ni k. Akasema alijua, alikuwa ananipima.

Hataki nisimame karibu. Nakaa upande wa pili wa meza nachambua maharagwe, nyuma ya ile monita, na ninachokiona ni uso wake tu ukimulikwa. Vidole vyake havijabadilika. Alifundishwa kuchapa na wazungu wa korti, kwa vidole vyote kumi, bila kutazama chini. Zamani nilikuwa nauonea wivu ule mlio wa taipureta. Siku hizi mlio wa vitufe ukinyamaza nainua kichwa.

5 Desemba

Sijui nianzie wapi.

Leo amekwenda kwa kinyozi, ameshikwa mkono na Wambeti. Ameacha mashine inawaka na kazi yake wazi. Nilikwenda kufuta vumbi, na macho yakaangukia kioo. Yuko herufi S. Nikaona:

*djsjofo*

Nikadhani ni Kiingereza cha sheria. Nikashuka. *djsls. djsito. djrtos.* Na katikati yake mistari na mistari ya vitu kama hivyo, na mikato imepandwa ndani ya maneno kama mawe ndani ya mchele. Nikarudi nyuma ukurasa mmoja, miwili. Yote ni hivyo. Mpaka nilipofika Jumanne ndipo nikakuta Kimeru tena, safi, kizuri.

Nilikaa kwenye kiti chake. Mwanzo niliogopa kwamba ni akili, kwamba ugonjwa umepanda juu. Kisha nikaweka vidole vyangu pale vyake hukaa nikaelewa. Tangu Jumatano amekuwa akianza kitufe kimoja pembeni. Mikono yote miwili imesogea kulia hatua moja, na kuanzia hapo kila herufi inatoka jirani yake. Vidole havijakosea hata kidogo. Ni mahali tu.

Lakini hilo halikuwa lililoniliza. Nimemwona siku hizi zote, Jumatano, jana, leo asubuhi. Amekaa wima mbele ya mwanga, macho yanakwenda kushoto na kulia, kushoto na kulia, kama mtu anayesoma anachoandika. Ananiuliza nimwongezee ukubwa. Anatikisa kichwa akiridhika. Alikuwa haoni kitu. Alikuwa anaigiza kwa ajili yangu, na mimi nachambua maharagwe nikimwamini.

Nimemlaumu mwanamume huyu kwa kiburi tangu msimu uanze. Leo ninaona ilikuwa hofu, na alikuwa nayo peke yake.

Walipotoka kwa kinyozi nilimwambia amependeza. Alisema, "Najua, nimejiona kwenye kioo."

6 Desemba

Akilala baada ya chakula nabonyeza vile vitufe viwili na kuwasha ile ndogo, ili mwanga wa kubwa usimwamshe. Mahali pa kila herufi naandika ile iliyo kushoto kwake kwenye vitufe. *djsjofo* ni shahidi. *djsls* ni shaka. *djsito* ni shauri. *djrtos* ni sheria. Kimeru chenyewe kinatoka polepole, neno kwa neno.

7 Desemba

Shahidi nimemaliza. Ameandika kwamba shahidi ni mtu aliyekuwepo, na kwamba kortini hilo ni jambo gumu kuliko watu wanavyofikiri, kwa kuwa wengi walikuwepo na hawakuwepo. Sikujua mume wangu anaandika hivi. Nimesoma mara mbili, halafu nikalisoma tena kwa raha tu.

8 Desemba

Sheria, nimemaliza. Wambeti anaijua siri. Anakohoa nje mzee akigeuka kitandani.

9 Desemba

Kurasa zake mpya bado zinatoka zimesogea. Siwezi kutafsiri milele. Jioni nilikata kipande kidogo cha plasta, ile ya vidonda, nikaibandika juu ya kitufe cha A, pale kidole chake kidogo cha kushoto hukaa. Kikikosa plasta kitajua kimepotea. Sikumwambia. Nilikosa maneno, mimi niliyewafundisha watu maneno.

10 Desemba

Amekaa, ameweka vidole, ametulia. Amevisogeza kushoto. Amegusagusa.

"Mama Kailemia. Nani amemfunga A kidonda?"

"Ni mimi."

"Aliumia lini?"

"Jumatano iliyopita."

Mvua ilikuwa nyepesi, kila kitu kilisikika. Alikuwa anahesabu kichwani, nikaona anapofika. "Shahidi," akasema. "Shauri. Sheria. Zote?"

"Zote zilisogea kitufe kimoja."

"Basi zimepotea."

"Hazijapotea. Nimezirudisha. Ukilala."

Aliinamisha uso. Nilingoja ule ukali wa siku ya daktari, na nilikuwa tayari kuupokea. Alipoinua kichwa sauti yake ilikuwa ya kazi, ile aliyokuwa akivaa na koti.

"Umezitafsiri?"

"Ndiyo."

"Hukuongeza neno?"

"Sikuongeza."

"Hukupunguza? Hata pale nilipokosea?"

"Pale ulipokosea nimekuachia makosa yako. Na ni mengi."

Ndicho kiapo wanachoapishwa wakalimani, kutoongeza wala kupunguza. Halafu akasema kwa Kimeru, kwa sauti ya chini sana, kwamba tangu mwisho wa Novemba anaona ukungu mweupe pale mbele na hakuna kingine. Nilizunguka meza nikamshika kichwa. Alinuka mafuta ya kinyozi. Tulilia wote wawili, bila haraka, na Wambeti akapika chai bila kuambiwa.

11 Desemba

Hakuandika. Ameketi barazani anasikiliza mvua. Laptopu tumeifunika kwa kitambaa.

12 Desemba

Sikukuu ya Jamhuri. Magari ya kampeni yamepita yakipiga kelele. Wambeti anafunga mizigo yake, keshokutwa anarudi Ishiara; daraja limewekewa mbao. Muthamia hajagusa mashine. Sikumwuliza, lakini nimeshindwa kula.

13 Desemba

Asubuhi nilikuwa upande wangu wa meza na ungo wa maharagwe. Alikuja akipapasa ukuta, akavuta kiti, akaondoa kitambaa, akakikunja vizuri. Akawasha. Nikainuka kwenda kubonyeza vile vitufe kama kila siku, ndogo izimwe, kubwa iwake. Nilipomaliza akaniambia ningoje.

"Hiyo kubwa inazunguka?"

"Ina kiguu chini. Inazunguka."

"Igeuze."

"Niigeuzie wapi?"

"Ikuangalie wewe."

Ni nzito kuliko inavyoonekana. Niliizungusha pole pole nisivute waya, mpaka mgongo wake ukamgeukia yeye na uso wake ukaja kwangu. Upande wake sasa hakukuwa na mwanga wowote, ile ndogo nyeusi mbele yake tu na dirisha lenye mvua. Nikarudi kukaa. Nilipunguza herufi mpaka zikafikia ukubwa wa kawaida, wa macho yangu.

Alitafuta plasta kwa kidole kidogo. Akaipata. Akanyoosha mgongo kama mtu anayesubiri hakimu aingie, akaanza kuchapa, nami nikaona herufi zinafika moja moja upande wangu, mahali pake kila moja.

*Unaona?*

"Naona," nikasema.

Akaendelea.